Kazi isitufuate mpaka ku kitanda



Jumamosi iliyopita tulienda kumuona mwenzetu mu nyumba moja ndogo ya matunzo kule Katuba. Malaria na tifoide pamoja, ile ndoa ambayo wengi wetu tunaijua. Serumu ilikuwa inaingia mu mukono wa kushoto. Mu mukono wa kuume alishika telefone, kidole kinaandika. Tulifikiri anaandikia kaka yake wa Likasi. Hapana. Alikuwa anajaza orodha ya watumikaji wa siku ile: nani amefika, nani hakufika, nani yuko zamu ya usiku. Mukubwa wake wa kazi alimutumia ile orodha saa kumi na mbili ya asubui, na chini yake maneno haya: "Pole sana. Sasa juu uko paka unalala, utusaidie na hii mbele ya saa mbili."

Paka unalala. Tulicheka kwanza, ni desturi ya mugini wetu. Kisha mama wa lupango, aliyekuwa ameleta uji, akamuambia: "Mwanangu, weka ile kintu chini. Munganga alisema ulale." Akamujibu bila kuinua macho: "Mama, nikiiweka chini, mwezi ya kuya hapana kontra."

Hapo hatukucheka tena.

Mwenzetu ana diploma ya UNILU. Alikaa karibu miaka mitatu bila kazi mbele ya kupata ile, nayo ni ya kontra za miezi mitatu-mitatu, mu kampuni moja ambayo biashara yake ni kutafutia mine watu wa kutumika. Hatuitaji jina ya ile kampuni sababu mwenyewe ametuomba, na sababu tukiitaja moja, zingine zitafikiri zimepona.

Tuliporudi tuliulizana sisi kwa sisi. Jibu zilikuwa nyingi kuliko tulivyofikiri. Mumoja alifundisha mu shule ya mutu binafsi. Alipopata homa ya siku tano walimutumia kartasi za watoto nyumbani ili azisahihishe, "sababu kusahihisha hakuombi kusimama". Mwingine anauzishia duka moja nguo kwa WhatsApp. Siku ya tatu baada ya kupasuliwa kwa kuzaa, alikuwa anajibu wateja, mutoto pembeni. Mwingine alishika hesabu ya magari ya safari za Kasumbalesa; alivunjika muguu, na makaratasi yakaletwa na motari mpaka ku mulango, kila jioni, kama maziwa. Hakuna mumoja kati yao aliyelazimishwa kwa fimbo. Wote waliombwa kwa upole, na wote walijua upole ule una maana gani.

Wengi wakisikia mambo ya kutumika ukiwa nyumbani wanafikiri ni habari ya wazungu, ya mutu mwenye meza yake, kahawa yake, na umeme usiokatika. Kwetu kazi ya nyumbani iliingia kwa mulango mwingine. Tarehe 24 Machi 2020, wakati wa korona, Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, na biro nyingi zikahamia mu telefone. Njo pale makundi ya WhatsApp ya kazi yalipozaliwa, na korona ilipopita hakuna aliyeyafunga. Huku upande wa mine mambo yaligeuka kichwa chini: kampuni nyingi za huku Katanga ziliwafungia watumikaji ndani ya mine wiki na wiki, bila kurudi kwa wake na watoto, mpaka mu Juni 2020 mashirika ya raia yakaandikia makampuni barua kuwakataza. Kwa wa biro kazi ilihamia nyumbani, kwa wa mine nyumba ilihamia kazini. Wakubwa wote walijifunza jambo moja: mupaka kati ya ile miwili unaweza kuondolewa, na hakuna atakayesema kitu.

Sheria yetu ya kazi, ile ba avocat wanaita Code du travail, ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyogeuzwa sehemu-sehemu kwa sheria nyingine ya tarehe 15 Julai 2016. Tumeisoma. Ni kitu kimoja ambacho mutu bila kazi ana wakati wa kufanya. Kifungu cha 57 kinasema ugonjwa unaomuzuia mutu kutumika unasimamisha kontra. Tulikaa sana juu ya neno hilo. Kusimamisha si kuvunja: kontra iko hai, nafasi ni yako, utarudi. Lakini pia si kuhamisha. Sheria haikusema mugonjwa asikuje ku biro. Ilisema deni lake la kazi limesimama. Wakati ule hana deni la raporo, wala la orodha, wala la kujibu "umeona message yangu?" Mukubwa anayetuma kazi ku kitanda cha mugonjwa anaomba kitu ambacho kontra haimupi tena, mpaka siku munganga atakaposema huyu mutu amepona.

Kisha kuna kifungu cha 105. Muda wote kontra imesimama kwa ugonjwa, mutumikaji anapata theluthi mbili za mushahara wake wa feza, na malipo ya watoto yote kamili, na vile vingine walivyopatana katika kontra vinaendelea. Mutu wa dola 300 kwa mwezi akilala mwezi mzima anapata dola 200. Tena bwana wa kazi ndiye anayepaswa kumutunza, yeye na jamaa yake, munganga, dawa, lopitali, hata kama kontra imesimama. Ugonjwa ukiendelea miezi sita bila kukatika, hapo ndipo sheria inamupa bwana wa kazi ruhusa ya kuvunja kontra. Miezi sita. Mwenzetu wa Katuba hakulala hata siku sita.

Tunajua sasa ba patron wanafikiri nini, sababu mumoja alitueleza wazi, na tunamushukuru kwa ukweli wake: "Mimi ninamulipa theluthi mbili akiwa amelala. CNSS hainirudishie kitu. Basi, asifanye hata kazi ya saa moja?" Kuhusu CNSS yuko sawa. Ile kasa, iliyoitwa zamani INSS, inalipa pensheni, malipo ya jamaa, na ajali na magonjwa yanayotokana na kazi yenyewe. Malaria ya kawaida inabaki ku bega la bwana wa kazi. Kwa mama mwenye kiduka mu soko la Kenya na watumikaji wawili, huo ni mzigo wa kweli, na hatumucheki. Serikali ingeweza kufikiria watu kama yeye.

Lakini hesabu ya yule patron haisimami. Theluthi mbili si mushahara wa kazi ndogo. Ni feza ambayo sheria imempa mutu ili asitumike kabisa, apone, asife njaa wakati anapona. Kama anatumika, basi si mugonjwa wa sheria, kontra haikusimama, na deni lako kwake ni theluthi tatu. Huwezi kumuhesabu amelala siku ya kulipa na kumuhesabu ameamka siku ya kutuma orodha. Chagua.

Na kwa kweli wengi hawalipi hata hizo mbili.

Tuliangalia kwa wajirani pia. Kule Kenya, sheria ya kazi ya mwaka 2007 inamupa mutumikaji aliyemaliza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mushahara kamili na 7 zingine kwa nusu. Tanzania, sheria ya 2004 inatoa siku 126 mu muda wa miezi 36: 63 za kwanza kamili, 63 zinazofuata nusu. Ufaransa wameenda mbele, tangu tarehe 1 Januari 2017 kampuni kubwa zinapaswa kuzungumza na sendika juu ya haki ya mutumikaji ya kuzima telefone baada ya saa za kazi. Ukiweka kartasi zote mu meza moja, ya kwetu si ya haya. Kuna watu wanatuambia kila siku Congo haina sheria. Kwa jambo hili iko nayo, tena imeandikwa vizuri. Mwaka ule wa 2002, Julai, walitoa sheria ya mine. Oktoba wakatoa ya kazi. Ya kwanza kila mutu wa Lubumbashi anaijua, hata muuza mikate atakuambia iligeuzwa 2018. Ya pili iko mu kabati.

Ba mukubwa wetu watasema zamani haikukuwa hivi. Babu zetu walitumika mu Union Minière, iliyoanzishwa 1906, kisha ba papa wetu mu Gécamines. Mugonjwa alienda ku lopitali ya kampuni, munganga wa kampuni akaandika siku zake, na posho ikaendelea kufika ku nyumba. Hatutaki kuipaka ile wakati rangi nzuri. Kampuni ilitunza mutu kama inavyotunza mashine, na watumikaji walipogoma kwa ajili ya mushahara walipigwa risasi, tarehe 4 Desemba 1941, hapa hapa Lubumbashi, ku uwanja wa mupira. Lakini hata ile kampuni ngumu ilijua mashine iliyoharibika haitumike kwanza. Kisha baba akaanguka. Profesa Dibwe dia Mwembu wa UNILU aliandika kitabu kizima juu ya bana shaba walioachwa na baba yao. Na mu 2003, kwa ile wanaita kuondoka kwa mapenzi, Gécamines ilitoa watu zaidi ya 10,000. Wengi wetu tuliomaliza masomo leo ni watoto na wajukuu wa wale watu. Tunajua mapenzi yale yalikuwa ya nani.

Mine zilirudi, na zilirudi na majina mapya na matajiri wapya, lakini mutumikaji hakurudi kama mutoto wa nyumba. Shirika la RAID la Uingereza na wenzao wa CAJJ wa Kolwezi walichapisha uchunguzi wao Novemba 2021 juu ya mine tano kubwa za kobalti: zaidi ya nusu ya watumikaji hawakuandikwa na mine yenyewe, waliandikwa na kampuni za katikati, ile sutretansi. Ni pale ugonjwa unapopotea. Ukigonjwa, mine inasema wewe si wetu, na kampuni ya katikati inasema kontra yako inaisha mwisho wa mwezi, pole. Hakuna aliyekufukuza. Hakuna aliyesimamisha kontra. Iliisha yenyewe, kama mushumaa.

Ndiyo sababu mwenzetu alikuwa anaandika na serumu mu mukono. Aliogopa tarehe, zaidi kuliko alivyoogopa mukubwa wake.

Sasa tufike pale panapotuuma, sababu hatukuandika hii ili kupiga ba patron peke yao. Mwenye kontra ya miezi mitatu anaogopa kulala juu ya sisi. Sisi tuliomaliza masomo, tunaozunguka na dossier mu mufuko wa plastiki, Golf, Bel-Air, njia ya Likasi, tukiacha CV ku kila lango. Mukubwa hana haja ya kutisha mutu. Anaonyesha tu lundo la CV ku kona ya meza. Lundo lile njo sisi.

Mumoja wetu, yule anayeshika kalamu leo, aliitwa mwaka uliopita "kumusaidia mutu mugonjwa siku kumi". Kiti kilikuwa na koti yake bado. Kila tulipokwama mu hesabu, chef alisema: "Mupigie, ataeleza." Tukapiga. Ilikuwa sauti ya mutu anayetetemeka kwa homa, na alieleza kila kitu kwa uvumilivu: file iko wapi, neno la siri ni gani, ni nani wa kuandikia. Mara nne kwa siku, mara tano. Tulikuwa tunamutumikisha mugonjwa ili atufundishe kumubadilisha. Siku ya kumi na mbili alirudi, amekonda, akasimama ku mulango, akaona kiti. Chef akamuambia angoje kidogo kule inje. Aliongoja. Sisi hatukusimama. Tulikaa ku kile kiti miezi miwili, kisha nasi tukatolewa, na hatukuwa hata wagonjwa.

Hatujui yule mutu anaishi namna gani leo. Koti yake alienda nayo.

Kwa hiyo hatutaandika hapa "vijana, mukatae kazi ya mugonjwa". Ingekuwa uongo. Nyumba zetu zinakula mara moja kwa siku, na ba mama wametuuzishia mpaka bidoni za maji ili tulipe minervale. Mutu akiitwa ataenda. Lakini kuna maneno mawili ambayo kila mumoja wetu anaweza kusema siku ya kwanza, nayo hayaombi ushujaa mukubwa. Kuuliza: "Huyu ninayemubadilisha, kontra yake imesimama ao imevunjika?" Na kukataa kumupigia. Kama file inapotea, chef aitafute. Kama neno la siri halijulikani, kampuni ijilaumu. Siku kumi za kazi mbovu hazitaangusha mine.

Watu watatujibu kwamba wagonjwa wengine ni wa uongo, kartasi ya munganga inanunuliwa. Ni kweli, tunawajua, wengine ni marafiki zetu. Basi bwana wa kazi atume munganga wake amupime. Kumutumia mutu orodha ya majina 60 hakupimi homa. Ukimutumia mugonjwa wa kweli atajaza kwa hofu, ukimutumia wa uongo atajaza pia, na hutajua kitu.

Wengine watasema ni saa moja tu. Tuhesabu ile saa. Umeme wa SNEL ulikuwa umekatika tangu usiku, kwa hiyo mutoto wa jirani alitumwa kwenda kuchajisha telefone kwa mwenye panneau, franka 500. Mega zilinunuliwa na mugonjwa mwenyewe. Dawa ya saa mbili ilimezwa saa nne, juu alisahau. Na ile orodha yenyewe, iliyojazwa na mutu mwenye homa, ilikosa majina mawili ya zamu ya usiku. Ba papa wawili waliotumika usiku kucha hawakuhesabiwa siku yao. Walipouliza, waliambiwa: "Muone yule aliyeandika." Wakampigia simu mugonjwa. Mumoja alimutukana. Yule papa hana kosa, angetukana nani mwingine? Lakini mwenzetu alilia kuliko alivyolia kwa sindano.

Ndiyo maana tunasema jambo hili si la wenye ordinatere peke yao. Mugonjwa akilazimishwa kushika daftari ya mushahara, njaa inaingia kwa watu ambao hawajawahi kuwa na adresi ya barua pepe.

Tunachoomba si kingi. Kila kampuni ina kanuni zake za ndani, zimebandikwa ku ukuta ao zimefichwa mu droo. Ziandikwe mule: mutu akileta kartasi ya munganga, siku ileile anatolewa mu makundi ya kazi mpaka atakaporudi, na anayemubadilisha anajulikana jina na analipwa. Wajumbe wa sendika wasingoje kelele za mushahara tu, wakipita mu chumba cha wagonjwa waulize swali hili: "Nani amekuandikia tangu ulale?" Na mine zinazojisifu kwa wateja wa inje kwamba shaba na kobalti yao ni safi, zisome pia kontra za kampuni za katikati, ukurasa wa tarehe ya mwisho. Hatuwezi kukubali usafi unaoishia ku lango.

Kwa wewe uliye mugonjwa leo na telefone inalia: usifute message. Hata moja. Kartasi ya munganga ipige picha, itume kwa mukubwa wako, uandike tarehe na saa. Kama huwezi kukataa, na tunajua wengi hamuwezi, basi tumika, lakini andika: siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, nani alituma. Ukipona, ama ukikatwa, hiyo njo ushahidi wako. Njia ya sheria inaanzia kwa Inspection du Travail, mukaguzi anaita pande mbili ili mupatane. Musipopatana ndipo tribinali ya kazi inapokea shauri. Ukienda moja kwa moja ku tribinali watakurudisha. Usiende peke yako. Tuandikie, mumoja wetu atakusindikiza. Wakati tunao, tumeshasema.

Mwenzetu wa Katuba ametoka mu lopitali Jumanne. Ana message 41 mu telefone yake, zote za siku alizokuwa na serumu, na amekubali tuzichape ku kartasi. Kontra yake inaisha tarehe 30. Bado hajaamua kama ataenda kwa mukaguzi mbele ya tarehe ile ao baada, na sisi hatumusukume, sababu tumbo litakalolala na njaa si letu.

Kuna jambo moja lingine, la ba ndugu wa kibarua, wale wanaosimama ku barabara saa kumi ya usiku wakingoja gari la kampuni. Kwa ninyi, kifungu cha 40. Mutu wa siku kwa siku akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, akiandikwa tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, hata kama hakuna kartasi. Na mwenye kontra ile, akigonjwa, kontra inasimama, theluthi mbili zake ziko, munganga yuko. Wakubwa wanaijua hesabu hii vizuri kuliko ninyi. Ndiyo sababu wengi wanaambiwa "pumzika kidogo" ku siku ya 20 ao ya 21.

Basi mununue kadaftari. Kijana mumoja wa Ruashi tuliyemueleza mwezi uliopita anayo, ya franka 1,000, anaandika kila siku na anamuombea mwenzake wa pembeni atie sahihi. Tulimupigia jana. Amefika siku 19, na tangu juzi ana homa. Alituuliza: aende kesho, ao alale?